Nilikufa Mara Tatu Kunduchi

Usiniulize kama nimeiona. Nimo ndani yake.
Dakika ya kumi na saba, yule anayeanguka kwa ubavu,
kofia ikabiringika hadi dimbwini, ndiye mimi.
Dakika ya arobaini ni mimi tena, nimepakwa masizi.
Na karibu na mwisho, sasa niko upande wa adui,
nauawa na kikosi changu cha mwanzo.
Chande Malenda hakuwa na watu wa kutosha.
"Marehemu, inuka," alikuwa akituambia pale machimboni,
"geuza shati, vita havijaisha."

Kiparo kinyozi aliandika ukutani kwa mkaa:
MALENDA. VITA. JUMAMOSI.
Hakuongeza neno, na Mburahati nzima hakuna aliyeuliza.
Sisi ndio tulioitazama ile filamu yake ya mchawi
mpaka diski ikakwaruzika,
na ilipoganda tukasimama kuimalizia wenyewe.
Sisi ndio tunaosalimiana kwa maneno yake:
Umekuja na kivuli?
Nimekiacha kwa fundi.
Mtu wa mtaa mwingine akisikia
anadhani tumepungukiwa. Labda.

Wapenzi wa filamu za majuu wanacheka.
Eti bunduki ni za mbao. Ni za mbao, ndiyo,
mninga mtupu, zilichongwa Keko,
na moja ina maua kwenye kitako:
fundi alijisahau, akadhani yumo kwenye kitanda cha bibi harusi.
Eti damu yetu inaonekana tamu.
Ni choya. Nimeilamba nikiwa maiti.
Eti helikopta yenyewe haionekani!
Haionekani, na hapo ndipo penye ufundi:
kivuli cha pangaboi kinapita juu ya nyuso zetu,
taratibu, kinarudi, kinapita,
na mtoto wa Shaibu analia, tena hakuambiwa alie.
Huko majuu nani ameshawahi kukutisha kwa pangaboi?

Jumamosi, banda la Shaibu, mia tano mlangoni.
Watu juu ya kreti za soda, watu juu ya watu,
macho ya watoto kwenye matundu ya bati.
Mama yangu alikuwa hajawahi kukanyaga bandani.
Alikuja na kitenge chake cha kanisani,
nikamtafutia kiti chenye mgongo.

Nilipoanguka mara ya kwanza, banda lililipuka:
Ndimbooo!
Mama hakupiga makofi.
Mara ya pili alinishika kiwiko.
Mara ya tatu kamera haikuondoka.
Malenda aliiacha usoni pangu muda mrefu
kuliko tulivyopatana. Nzi akatua mdomoni,
na mimi, kwa ajili ya sanaa, sikumfukuza.

Ndipo mama akaangua kilio,
kile cha msibani, kirefu, chenye majina ya babu zangu ndani.
Mama, niko hapa, nishike.
Alikuwa amenishika. Kucha zake zilikuwa nyamani mwangu
na bado alikuwa akimlilia yule wa kule.

Umeme ukakatika dakika sita kabla ya mwisho.
Hakuna aliyedai mia tano yake.
Kiparo akaanza kutusimulia gizani vita vitakavyoisha,
Tabu wa mihogo akambishia, yeye kamanda wake hafi,
risasi zikatoka vinywani kila kona,
na mtu mmoja nyuma akawa pangaboi.

Katikati ya vurugu hizo nikasikia kandambili,
halafu sauti ya Malenda, ya chini, karibu na kiti chenye mgongo:
"Shikamoo mama. Kile kilio...
unaweza kukirudia kesho? Mwisho wangu hauna sauti."
Mama akapenga kamasi kwa pindo la kitenge.
"Kwa mara ya nne," akasema, "utalipa."

Ukipata nakala ya baadaye, usiizime majina yakianza kupanda.
Msikilize.
Alipewa elfu saba na soda ya baridi.
Mimi na vifo vyangu vitatu,
nauli ya kurudi kutoka Kunduchi nilikopa.